Programu Huria: Leseni Zinapobadilika Kazi Ikiwa Njiani

Reli itokayo Kaliua kwenda Mpanda ilifunguliwa mwaka 1950, na madhumuni yake ya kwanza yalikuwa kuchukua madini ya risasi yaliyochimbwa Uruwira. Ni tawi la Reli ya Kati lenye urefu wa kilometa 210 hivi, na nafasi iliyopo baina ya vyuma vyake viwili ni milimita 1,000. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ina nafasi ya milimita 1,067. Tofauti ya milimita 67 haifikii upana wa kiganja cha mtu mzima. Hata hivyo behewa lililopakiwa mpunga Mpanda haliwezi kuendelea na safari juu ya vyuma vya TAZARA. Ndiyo sababu kituo cha kuhamishia mizigo kilijengwa Kidatu, mahali zinapokutana njia hizo mbili. Reli mpya ya milimita 1,435 imeongeza kipimo cha tatu nchini.

Programu za kompyuta nazo zina kipimo cha namna hiyo ambacho macho hayakioni. Programu mbili zaweza kuandikwa kwa lugha moja, zikafanya kazi pamoja bila hitilafu yoyote, na bado ikawa ni marufuku kuziunganisha na kumpa mtu mwingine. Kipimo hicho ni leseni. Lililo gumu zaidi ni kwamba leseni, tofauti na reli, yaweza kubadilishwa na mwenye nayo wakati behewa la mtu mwingine tayari limo njiani.

Programu ni maandishi

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Namba 7 ya mwaka 1999, inazihesabu programu za kompyuta pamoja na vitabu na maandishi mengineyo. Maana yake ni kwamba mtu anapotunga programu, haki ya kuinakili, kuigeuza na kuisambaza ni yake tangu anapoiandika, bila ya kulazimika kuomba hati popote. Wanafunzi wengi hudhani kwamba programu iliyowekwa wazi katika intaneti, msimbo wake asilia ukisomeka na kila mtu, ni mali ya umma. Sivyo. Kitabu kilichofunguliwa mezani hakijapoteza mwandishi wake. Kinachomruhusu msomaji kukitumia zaidi ya kukisoma ni idhini ya mwenye haki, na idhini hiyo iliyoandikwa pamoja na masharti yake ndiyo iitwayo leseni.

Programu huria ni ile ambayo leseni yake inampa kila mtu ruhusa ya kuitumia kwa kazi yoyote, kuusoma msimbo wake asilia, kuugeuza, na kuwapa wengine nakala, ziwe za asili au zilizogeuzwa. Hadi hapo leseni zote za huria zinafanana. Zinatofautiana katika jambo analodaiwa mpokeaji.

Leseni nyepesi, kama vile MIT na BSD, hudai jambo dogo tu: jina la mtunzi na maneno ya leseni yasifutwe. Apache toleo la 2.0, la mwaka 2004, ni ya jamii hiyo, ila imeongeza vifungu kuhusu hataza za uvumbuzi. Leseni za kurithisha, ambazo iliyo maarufu kuliko zote ni GPL, hudai zaidi. Anayesambaza kazi iliyojengwa juu ya programu ya GPL hana budi kuisambaza kazi hiyo nzima kwa masharti yale yale ya GPL, pamoja na msimbo wake asilia. Toleo la 2 la GPL lilitolewa mwaka 1991, na toleo la 3 mwaka 2007. Mwaka huo huo wa 2007 ilitolewa pia AGPL, ambayo inamhesabu hata mtu anayeitumia programu kwa mbali kupitia mtandao kuwa anastahili kupewa msimbo, iwapo programu hiyo imegeuzwa na anayeiendesha. Katikati ya jamii hizo mbili zipo LGPL na MPL, ambazo hurithisha masharti kwa maktaba au kwa faili husika tu, bila ya kuigusa kazi nzima iliyoizunguka.

Maji ya Katuma hayarudi nyuma

Leseni mbili hupatana ikiwa mtu aweza kuyatimiza masharti ya zote mbili kwa wakati mmoja katika kazi moja. Hicho ndicho kipimo chote. Ugumu watokea kwa kuwa kupatana huko mara nyingi ni kwa upande mmoja tu.

Mto Katuma hutiririka kupita mbuga za Hifadhi ya Katavi, ukafika Ziwa Chada, na maji yake huishia Ziwa Rukwa. Rukwa ni ziwa lisilo na mto utokao. Kadhalika msimbo wa leseni ya MIT au BSD waweza kutiririka na kuingia katika kazi ya GPL, kwa sababu masharti ya MIT ni machache na GPL haiyapingi. Ukishaingia, kazi nzima itasambazwa kwa GPL. Lakini msimbo wa GPL hauwezi kupanda mlima na kuingia katika kazi ambayo mtunzi wake anataka ibaki chini ya MIT peke yake. Mwanafunzi anayetaka kujua kama leseni fulani zinapatana hana budi kuuliza swali lenye mwelekeo: kipi kinaingia ndani ya kipi?

Mfano wa kutopatana kabisa ni Apache 2.0 na GPL toleo la 2. Apache inasema kwamba mtu atakayemshitaki mwingine kwa madai kuwa programu hiyo inakiuka hataza yake, atapoteza ruhusa ya hataza aliyopewa. GPL toleo la 2 nayo inakataza mtu yeyote kuongeza sharti ambalo halimo ndani yake. Leseni zote mbili zina nia njema, na zote zaitwa huria, lakini mtu hawezi kuzitii pamoja. Watunzi wa GPL toleo la 3 waliliona jambo hili na wakaacha nafasi. Hivyo msimbo wa Apache 2.0 waweza kuingia katika kazi ya GPL toleo la 3. Hapa maneno machache ya Kiingereza yanayoandikwa juu ya faili huwa na uzito mkubwa kuliko yanavyoonekana. Mtunzi aliyeandika “GPL toleo la 2 au lolote la baadaye” amefungua mlango. Aliyeandika “toleo la 2 tu”, kama ilivyo kwa kiini cha Linux, ameufunga.

Ofisi ya Kiswahili na safari ya leseni zake

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya kazi za ofisi ya OpenOffice.org ikiwa na menyu na ujumbe wake kwa Kiswahili. Kazi hiyo haikuwa ndogo. Ilihitaji kamusi ya istilahi, mabishano juu ya maneno, na uvumilivu wa kutafsiri maelfu ya vifungu. Iliwezekana bila ya kumwomba mtu ruhusa kwa sababu leseni ya OpenOffice.org ilikwisha kuitoa ruhusa hiyo.

Baadaye leseni ya programu mama ilianza kusafiri. Mwaka 2004 programu hiyo ilitolewa chini ya leseni mbili kwa hiari ya mtumiaji: LGPL, na nyingine ya kampuni ya Sun iliyoitwa SISSL. Mwaka 2005 SISSL iliondolewa. Kuanzia toleo la 3, mwaka 2008, LGPL nayo ilipandishwa kutoka toleo lake la 2.1 hadi la 3. Mwaka 2010 kampuni ya Oracle iliinunua Sun, na mwezi wa Septemba mwaka huo sehemu kubwa ya watengenezaji walijitenga wakaanzisha LibreOffice. Mwaka 2011 Oracle iliikabidhi OpenOffice kwa taasisi ya Apache, na leseni ikawa Apache 2.0.

Kwa nini Oracle iliweza kuibadilisha leseni ya kazi iliyochangiwa na mamia ya watu? Kwa sababu wachangiaji walikuwa wametakiwa kutia sahihi hati ya kushirikiana hakimiliki na kampuni. Mwenye haki ni mmoja, basi uamuzi ni wake. LibreOffice haikudai hati ya namna hiyo. Kila mchangiaji alibaki na haki yake, na alitakiwa kutamka kwamba anakubali kazi yake itolewe kwa LGPL toleo la 3 na MPL. Matokeo yake ni mto mwingine wa upande mmoja: LibreOffice yaweza kuchukua marekebisho ya Apache OpenOffice, lakini Apache OpenOffice haiwezi kuyachukua ya LibreOffice. Ndugu wawili waliotoka tumbo moja, mmoja aweza kuazima jembe la mwenzake na mwingine hawezi. Mambo haya huwapita watafsiri wengi, na kwa kweli mtafsiri wa Kiswahili anastahili kuyajua kabla ya mtu mwingine yeyote, maana tafsiri yake nayo ni maandishi yenye hakimiliki, na hufuata leseni ya faili ilimoandikwa.

Mabadiliko hayarudi nyuma, lakini kusimama nako kuna gharama

Jambo la kwanza la kukumbuka leseni inapobadilishwa ni hili: nakala iliyokwisha kutolewa kwa leseni ya zamani inabaki na leseni hiyo. Leseni nyingi za huria zilizoandikwa kwa uangalifu hutamka wazi kwamba ruhusa haifutiki madhali masharti yanatimizwa. Mabadiliko huyahusu matoleo ya mbele. Kwa hiyo mtu anayetegemea toleo la zamani hajavunja sheria siku leseni ilipobadilika, na hakuna anayeweza kumjia kumdai.

Ila programu si jiwe la kusagia, ambalo laweza kukaa miaka ishirini bila kuguswa. Kila mwezi hugunduliwa kasoro ambazo mwizi wa taarifa aweza kupenya kwazo, na marekebisho ya kasoro hizo huja katika matoleo mapya, yaani yale yale yenye leseni mpya. Anayebaki nyuma ameihifadhi haki yake, lakini mlango wake umebaki bila kitasa.

Hatari hii si ya nadharia. Taarifa za zahanati, vituo vya afya na hospitali nchini hukusanywa kwa utaratibu wa MTUHA. Katika miaka ya mwanzo ya 2010 taarifa hizo zilianza kuingizwa katika DHIS2, programu huria yenye leseni ya BSD inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuiendeleza. Hesabu ya watoto waliochanjwa katika zahanati ya kijiji, mkoani Katavi kama kwingineko, hutoka katika rejesta ya karatasi na kuishia humo. DHIS2 haikusimama peke yake. Inaendeshwa na Java, inahifadhi taarifa zake katika PostgreSQL, na ndani yake zimo maktaba nyingi za watunzi wengine, na kila maktaba ina maktaba zake. Leseni ya BSD iliyoandikwa juani haielezi hali ya leseni zote zilizomo kivulini.

Java yenyewe ilitoa funzo. Kwa miaka mingi mashirika yalichukua Java ya kampuni ya Oracle bila malipo. Kuanzia toleo la 11, la Septemba 2018, matumizi ya kazi ya nakala za Oracle yalihitaji mkataba wa kulipia, na mwezi wa Aprili 2019 marekebisho ya toleo la 8 yakaingizwa katika utaratibu huo. Watu walioshituka hawakuwa wachache. Lakini msimbo huo huo ulikuwapo pia kwa jina la OpenJDK, chini ya GPL toleo la 2 yenye kifungu cha msamaha kinachoruhusu programu za leseni nyingine kuendeshwa juu yake bila kurithi GPL. Aliyeielewa leseni alibadili nakala akaendelea na kazi bila kulipa. Baadaye, mwaka 2021, Oracle ililegeza masharti kwa toleo la 17, jambo linaloonyesha kwamba upepo huweza kugeuka zaidi ya mara moja.

Mifano ya miaka ya karibuni ni mingi na inafuata mtindo mmoja. MongoDB iliacha AGPL mwaka 2018 na Elasticsearch ikaacha Apache mwaka 2021, zote zikihamia leseni ambazo hazikubaliwi kuwa ni za huria. Terraform ilifuata mwaka 2023, na Redis mwaka 2024. Sababu iliyotolewa na wenye nazo ilikuwa kwamba makampuni makubwa ya kukodisha kompyuta yalivuna mahali yasipopanda. Watumiaji nao walijibu kwa kuchipusha programu mpya kutoka katika toleo la mwisho lililokuwa huru: OpenSearch, OpenTofu, Valkey. Baadaye Elasticsearch na Redis zilirudi kwa kuongeza AGPL miongoni mwa leseni zao, mwaka 2024 na 2025. Lakini AGPL siyo leseni nyepesi waliyoiacha. Aliyeondoka penye BSD na kurejea penye AGPL hajarejea pale pale.

Isidhaniwe kwamba kila mabadiliko ni hila. OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa ambayo chimbuko lake moja ni Eldoret, Kenya, ambako ilianza kutumika mwaka 2006, ilikuwa na leseni yake yenyewe iliyotokana na MPL toleo la 1.1. Toleo hilo halikupatana na GPL. MPL toleo la 2.0 lilipotolewa mwaka 2012 likiwa limeondoa kikwazo hicho, OpenMRS ilihamia huko. Hapo leseni ilibadilishwa ili kuongeza majirani.

Mwaka huo wa 2012, ambao Katavi ilitengwa na Rukwa ikawa mkoa, ramani huria ya dunia, OpenStreetMap, nayo ilibadili leseni ya taarifa zake kutoka Creative Commons hadi ODbL. Kwa kuwa wenye haki walikuwa wachoraji wengi mno, kila mmoja aliulizwa. Michango ya waliokataa, au ya wale ambao hawakupatikana, iliondolewa katika ramani. Sehemu ya barabara na mito ikafutika, ikabidi ichorwe upya. Huo ndio uaminifu wa gharama.

Mfano wa shuleni

Na ichukuliwe kwamba mwalimu wa sekondari mjini Mpanda ametunga programu ya kupanga alama za mitihani kwa lugha ya Java, naye ameitoa kwa leseni ya Apache 2.0 ili shule nyingine ziitumie. Ripoti za wanafunzi hutolewa katika muundo wa PDF kwa msaada wa maktaba iitwayo iText. Toleo la 2.1.7 la maktaba hiyo lilikuwa chini ya LGPL na MPL. Toleo la 5, la mwaka 2009, likaja na AGPL. Mwanafunzi msaidizi, kwa nia njema, anabadilisha tarakimu moja katika orodha ya programu tegemewa ili kupata toleo jipya. Programu inaendeshwa vizuri kuliko mwanzo. Hakuna onyo lolote kwenye kioo.

Ni nini kilichotokea? Apache 2.0 yaweza kutiririka kuingia AGPL, kwa hiyo mchanganyiko wenyewe si haramu. Lakini kazi nzima sasa haina budi kusambazwa kwa AGPL. Shule ya jirani iliyopokea programu hiyo kwa kuamini kwamba ni Apache, ikaitia ndani ya mfumo wake uliofungwa, imo katika makosa bila kujua. Tena mwalimu akiiweka katika seva ili wazazi watazame matokeo kwa simu, wazazi hao wanastahili kupewa njia ya kuupata msimbo wote. Kama programu ingekuwa tayari na maktaba nyingine ya “GPL toleo la 2 tu”, isingewezekana kuisambaza kabisa, maana masharti ya maktaba hizo mbili hayatimiziki pamoja.

Mwalimu anazo njia nne. Aweza kulikubali sharti jipya na kuitoa kazi yake yote kwa AGPL. Kwa programu ya shule hiyo si hasara, na pengine ni faida. Aweza kubaki na toleo la zamani, akikumbuka habari ya kitasa. Aweza kununua leseni ya biashara kutoka kwa mwenye maktaba, ikiwa fedha zipo. Au aweza kuhamia OpenPDF, chipukizi la toleo la zamani la iText ambalo limeendelea kutunzwa kwa LGPL na MPL. Njia ya mwisho ndiyo inayofaa mara nyingi, kwa sharti kwamba chipukizi lenyewe lina watu wa kulimwagilia maji. Chipukizi lisilopata rekebisho kwa miaka miwili ni sawa na toleo la zamani lenye jina jipya.

Programu ikiachwa ndani ya kompyuta ya ofisi ya mwalimu mkuu, isipewe mtu wala isifunguliwe kwa mtandao, masharti ya kurithisha hayaamki. Leseni za GPL hufunga usambazaji. Matumizi ya faragha huachwa huru. Pia programu mbili zilizo mbalimbali, zinazopelekeana taarifa tu kwa mtandao, kwa kawaida hazihesabiwi kuwa kazi moja. Kwa sababu hiyo programu ya ugavi wa dawa ya OpenLMIS, yenye AGPL, yaweza kupeleka hesabu zake kwa DHIS2 yenye BSD bila ya leseni moja kuimeza nyingine. Ni kama mzigo unaohamishwa Kidatu: magurudumu hayakugusana.

Mazoezi

Fungua programu huria yoyote iliyomo katika kompyuta ya shule, utafute faili ya leseni yake, na uandike jina la leseni pamoja na namba ya toleo. Kisha orodhesha programu tegemewa tatu zilizomo ndani yake na leseni za kila moja, na uchore mishale kuonyesha ipi yaweza kuingia katika ipi.

Programu fulani ina maktaba tatu: ya kwanza MIT, ya pili Apache 2.0, ya tatu GPL “toleo la 2 au lolote la baadaye”. Je, yaweza kusambazwa? Kwa leseni ipi? Jibu litabadilikaje iwapo maneno “au lolote la baadaye” yatafutwa?

Kikundi cha wanafunzi ishirini kimetafsiri menyu za programu moja kwa Kiswahili, kila mmoja akibaki na haki ya sehemu yake. Miaka mitano baadaye inatakiwa leseni ya tafsiri hiyo ibadilishwe, na wanafunzi wawili kati yao hawajulikani waliko. Eleza ni hatua gani zinaweza kuchukuliwa, na ni lipi lingefanywa tangu siku ya kwanza.